Bibi Mwalimu katika Jumba la Mfalme

Iko sinema moja ya zamani ambayo wapenzi wa picha hawaichoki, ijapokuwa imepita miaka mingi tangu ilipoonyeshwa mara ya kwanza. Jina lake ni The King and I, maana yake Mfalme na Mimi, nayo ilitengenezwa Marekani katika mwaka wa 1956. Ni hadithi ya mjane wa Kiingereza aliyeitwa na mfalme wa Siam, nchi ambayo siku hizi huitwa Thailand, aende kuwafundisha watoto wake. Mkulima wa Wundanyi au karani wa Voi akiitazama ataona mengi ya kumchekesha na machache ya kumtia huzuni. Lakini akiwa mtu wa kupenda kuuliza, ataondoka na maswali mawili moyoni. La kwanza, je, mambo haya yalitokea kweli? La pili ni zito zaidi: habari za ndani ya nyumba ya watu, ni nani anayestahili kuzisimulia?

Maswali hayo yana majibu, na sehemu moja ya majibu hayo imepita karibu sana na vilima vya Taita kuliko mtu anavyoweza kudhani.

Kwanza sinema yenyewe. Bibi mwalimu anaitwa Anna, na aliyecheza mahali pake ni Deborah Kerr. Bibi huyu hakuwa mgeni katika Afrika ya Mashariki, kwa maana miaka michache kabla ya hapo alikuja huku kuchezwa kwa sinema iitwayo King Solomon's Mines, iliyotolewa katika mwaka wa 1950, ambayo picha zake zilipigwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, na ambamo wacheza ngoma wa Kitutsi kutoka Ruanda walionekana na ulimwengu mzima. Katika sinema ya Siam anaonekana akiimba nyimbo nzuri, lakini sehemu kubwa ya sauti ile ya kuimba si yake. Ni ya mwimbaji mwingine, Marni Nixon, ambaye uso wake hauonekani hata mara moja. Mfalme ni Yul Brynner, mtu aliyezaliwa Vladivostok, mbali kabisa katika mashariki ya Urusi, akanyoa kichwa chake kwa ajili ya kazi hii. Alipewa tuzo ya Oscar kwa sinema hiyo, akaendelea kumwigiza mfalme yule yule jukwaani mpaka karibu na kufa kwake katika mwaka wa 1985. Hesabu ya maonyesho yake ya jukwaani yasemekana ilifika 4,625. Ni vigumu kumpata mtu aliyevaa vazi moja la kazi kwa muda mrefu kuliko huyo.

Hadithi inakwenda hivi. Anna anashuka merikebuni Bangkok pamoja na mwanawe mdogo, Louis. Ameahidiwa nyumba yake mwenyewe nje ya jumba la mfalme, lakini anapofika anaambiwa kwamba atakaa ndani pamoja na wake wa mfalme. Hapo ugomvi unaanza, na unaendelea karibu sinema nzima, kwa sababu bibi huyu hana tabia ya kusahau ahadi. Kisha wanaletwa watoto, mmoja baada ya mmoja, wadogo kwa wakubwa, kila mmoja akipiga magoti mbele ya baba yake na kumwinamia mwalimu. Hata mtu asiyejua neno moja la Kiingereza hufurahi kuwatazama. Darasani Anna anawaonyesha ramani ya dunia, na watoto wanakataa kusadiki kwamba Siam ni nchi ndogo vile. Mwalimu yeyote aliyewahi kutundika ramani mbele ya darasa la watoto wa kijijini anaujua ubishi huo. Mwishoni mfalme anakufa, na mwanawe Chulalongkorn anatoa amri yake ya kwanza, kwamba watu wasitambae tena chini mbele ya mfalme.

Kabla ya sinema hiyo palikuwapo nyingine ya mwaka wa 1946, isiyo na nyimbo, iliyoitwa Anna and the King of Siam, ambamo Irene Dunne alikuwa mwalimu na Rex Harrison mfalme. Zote mbili zilitokana na kitabu cha Margaret Landon kilichotoka katika mwaka wa 1944, na kitabu hicho kilitokana na vitabu vya Anna Leonowens mwenyewe, ambacho cha kwanza alikitoa katika mwaka wa 1870. Basi maneno haya yamepita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika mbele ya macho ya mtazamaji, na kila mkono umeongeza chumvi yake.

Mfano mzuri ni habari ya ndovu, na watu wa Voi watasamehewa wakiichekea kuliko watu wengine wote. Katika sinema mfalme anamwita Anna usiku, analala kifudifudi sakafuni, na kumwandikisha barua kwa Rais Lincoln wa Marekani. Anataka kumpelekea ndovu ili waachwe katika misitu ya Marekani, wazaane, na wawafae watu kwa kazi. Mtazamaji hudhani ni mzaha wa watengeneza sinema. Sivyo. Barua ilikuwapo, nayo iliandikwa mwezi wa Februari, 1861, mwaka mzima na zaidi kabla Anna hajafika Bangkok, na mfalme aliiandika bila msaada wake. Tena hakumwandikia Lincoln. Alimwandikia rais aliyekuwapo kabla yake, James Buchanan, au yeyote atakayekuwa amekalia kiti wakati barua itakapofika. Pamoja na barua alipeleka upanga, picha yake akiwa pamoja na binti yake, na pembe za ndovu.

Lincoln alijibu tarehe 3 Februari, 1862, kwa adabu nyingi. Alishukuru kwa zawadi, akaeleza kwamba hali ya nchi ya Marekani haiwafai ndovu kuzaana, na kwamba kwa kazi za uchukuzi, barani na majini, wao wanatumia nguvu za mvuke. Basi Voi ni mojawapo ya mahali pachache duniani ambapo vitu hivyo viwili, ndovu wa Mfalme wa Siam na mvuke wa Bwana Lincoln, vilikutana uso kwa uso. Reli ilipita hapo mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na Hifadhi ya Tsavo ikawekwa katika mwaka wa 1948, na tangu hapo mtu aliyelima mahindi chini ya vilima vya Sagalla au karibu na Kasigau hakuhitaji kuelezwa na mtu yeyote ndovu wakizaana huwaje. Ingefaa Mfalme yule angepata shauri la mkulima mmoja wa huko kabla hajakunja barua yake.

Sasa tuutazame ukweli wa Anna mwenyewe. Alisema kwamba alizaliwa Wales katika nyumba ya heshima, na kwamba mume wake alikuwa ofisa mkubwa wa jeshi. Watu walisadiki maneno hayo kwa miaka mia na zaidi. Ndipo Mwingereza mmoja, W. S. Bristowe, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza buibui, alipoanza kufuatia habari za Louis, mtoto wa Anna, akaona kwamba maandishi hayalingani na masimulizi. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1976 alionyesha kwamba Anna alizaliwa Ahmednagar, katika Bara Hindi, mwaka wa 1831, binti wa askari wa cheo kidogo aliyekufa kabla binti hajazaliwa; na mumewe, Thomas Leon Owens, hakuwa ofisa wa jeshi bali karani, ambaye alifia Penang katika mwaka wa 1859. Majina mawili ya mwisho ya mume yaliunganishwa yakawa jina moja lenye sauti ya fahari: Leonowens.

Yafaa kusema neno moja kwa ajili ya bibi huyu. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili, hana pensheni, hana ndugu tajiri, naye aliishi katika siku ambazo Mzungu wa Ulaya alimdharau Mzungu aliyezaliwa Bara Hindi, hasa akidhaniwa ana damu iliyochanganyika. Kama angesema kweli, huenda asingepewa shule hata moja. Alidanganya ili apate kazi, na akaifanya kazi hiyo kwa bidii tangu mwaka wa 1862 mpaka 1867. Makarani watamhukumu wenyewe. Lakini kujidanganyia ukoo ni jambo moja, na kumwelezea vibaya tajiri wako baada ya kuondoka ni jambo jingine, na hapo ndipo watu wa Thailand walipokasirika.

Maana Mfalme Mongkut hakuwa mtu yule wa kwenye sinema, anayepiga kelele na kuuliza mambo ambayo hata mtoto anayajua. Kabla ya kutawala, alikuwa mtawa wa dini ya Buddha kwa muda wa miaka 27. Alijifunza Kilatini kwa askofu Mfaransa, na Kiingereza kwa wamisionari wa Marekani. Alipomwita Anna alimwandikia waziwazi kwamba anataka watoto wafundishwe lugha na elimu ya Kiingereza, wala si kugeuzwa dini, kwa kuwa wake wa wamisionari waliofundisha kabla yake walikuwa wametia mahubiri ndani ya masomo. Na juu ya elimu ya nyota alikuwa hodari hata akapiga hesabu ya kupatwa kwa jua kwa tarehe 18 Agosti, 1868, akawaalika wageni wa Ulaya waende pamoja naye mahali palipo kusini mwa nchi yake ili walione. Jua likapatwa kama alivyosema. Lakini mahali pale palikuwa na mbu wengi. Mfalme akarudi na homa ya malaria, akafa tarehe 1 Oktoba. Watengeneza sinema walimwua kwa huzuni ya moyo kwa sababu ya maneno ya mwanamke. Mtu aliyekufa kwa ajili ya hesabu zake za nyota alistahili mwisho bora kuliko huo.

Kwa sababu hiyo sinema ya mwaka wa 1956 ilikatazwa Thailand, na nyingine ya hadithi hiyo hiyo, iliyotengenezwa katika mwaka wa 1999, ikakatazwa pia. Ilibidi picha zake zipigwe Malaysia.

BINTI WA SEYYID SAID

Wakati Anna alipokuwa akiwafundisha watoto wa Mongkut, palikuwa na jumba jingine la kifalme lililotazama bahari ya Hindi, lenye masuria wengi vile vile, watoto wengi vile vile, na chuo chake vile vile. Lilikuwa Unguja. Tofauti ni hii, kwamba habari za jumba la Unguja hazikuandikwa na mwalimu mgeni aliyeingia kwa mlango wa mbele. Ziliandikwa na mtoto wa nyumba.

Jina lake lilikuwa Salme binti Said. Alizaliwa tarehe 30 Agosti, 1844, katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, aliyehamisha makao yake kutoka Oman, akapanda mikarafuu, na kutawala biashara ya pwani yote. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi, aliyetekwa utotoni katika nchi za mbali za kaskazini. Salme anaeleza jinsi Mtoni palivyokuwa: uani tausi na paa na mbuni wakitembea huru, mabafu yaliyopangwa safu, na lugha nyingi zikisemwa pamoja, Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kihabeshi, Kiswahili. Seyyid Said alipofariki baharini katika mwaka wa 1856, akirudi kutoka Oman, aliacha watoto 36 walio hai.

Chuoni mwalimu alikuwa mwanamke aliyeletwa kutoka Oman. Watoto walikaa juu ya mkeka mkubwa mmoja katika roshani iliyo wazi, ndege wakiingia na kutoka, na bakora ya mwalimu ilijua njia yake. Walisoma Kurani mpaka wakaihifadhi. Wavulana walifundishwa kuandika pia. Wasichana walifundishwa kusoma tu, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba mwanamke ajuaye kuandika atapeleka barua zisizofaa. Kama msomaji wa Taita anaona neno hilo ni la kigeni sana, na awaulize bibi zake ni sababu gani walizoambiwa wao zamani walipoachwa nyumbani kuchota maji huku kaka zao wakienda shule ya misioni.

Salme hakukubali. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao watoto waliutumia mahali pa ubao, akafungua Kurani mbele yake, akawa ananakili herufi moja moja kwa siri, bila mwalimu. Alipoona ameweza kidogo, alimtafuta mtumwa mmoja mwenye elimu amsahihishe mkono. Jambo lilipojulikana alilaumiwa, lakini herufi zikiisha kuingia mkononi hazitoki.

Zilimfikisha mbali, na si mahali pa raha. Baada ya Seyyid Said kufariki, mwanawe Majid alitawala Unguja, na mwana mwingine, Barghash, alikitaka kiti hicho. Katika mwaka wa 1859 Barghash alifanya fitina ya kumpindua ndugu yake, na dada zake wengine walikuwa upande wake. Wakuu wa shauri hilo walihitaji mtu wa kuandika barua, mtu wa ndani ya nyumba asiyeshukiwa. Nani ajuaye kuandika? Salme, msichana wa miaka kumi na mitano. Akawa karani wa maasi. Aliandika barua kwa masheha na wakubwa, za kuagiza bunduki na baruti, na miaka mingi baadaye alikiri kwamba jambo hilo lilimlemea, kwa kuwa Majid alikuwa amemtendea wema tangu utotoni. Maasi yalivunjwa kwa msaada wa mabaharia wa Kiingereza, Barghash akapelekwa Bombay, na Majid, ambaye watu walimshauri amwadhibu dada yake, hakumwadhibu.

Hapo ndipo pangekuwa mwisho wa hadithi kama ingekuwa ya sinema. Lakini Salme alipopatana tena na Majid, ndugu wa upande wa Barghash walimwona msaliti. Akabaki peke yake, mama yake amekwisha kufa kwa kipindupindu. Nyumba yake mjini ilikuwa jirani na nyumba ya mfanya biashara kijana kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Dari kwa dari walisalimiana, na mambo yakawa kama yanavyokuwa. Mwezi wa Agosti, 1866, akiwa mjamzito, binti wa Sultani alipandishwa usiku katika manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, akapelekwa Aden. Huko alibatizwa kwa jina la Emily, akaolewa siku iyo hiyo, tarehe 30 Mei, 1867, na kusafiri kwenda Ujerumani.

Mume wake alikufa Hamburg katika mwaka wa 1870 kwa ajali ya gari la reli la mjini, akamwacha na watoto watatu, mdogo wao akiwa mchanga. Mwanamke aliyezaliwa katika jumba lenye watumwa wasiohesabika akajifunza kuwasha moto wa makaa ya mawe kwa mikono yake. Akahama mji hata mji, akitafuta mahali pa kupanga palipo rahisi. Na aliishije? Alifundisha. Alitoa masomo ya Kiarabu kwa Wajerumani. Basi hadithi ya Siam imegeuzwa juu chini: huku ni binti wa mfalme ndiye mgeni katika nchi ya baridi, na wenyeji wa Ulaya ndio wanafunzi. Katika mwaka wa 1886 alitoa kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani, nacho ni kitabu cha kwanza cha namna yake kutoka kwa mwanamke wa Kiarabu.

Kitabu hicho kina thamani ambayo vitabu vya Anna havina. Anna hakujua Kisiam vizuri, na mengi ya mambo aliyoandika juu ya vyumba vya ndani aliyasikia kwa wengine, au aliyabuni; habari yake ya msichana na mpenzi wake waliochomwa moto hadharani wanachuoni wengi hawaisadiki. Salme alijua kila mlango. Alieleza chakula kilivyopakuliwa na nani aliketi karibu na nani, Idi ilivyokuwa, mgonjwa alivyotibiwa. Anawakosoa Wazungu wanaokaa mwezi mmoja mahali kisha wakaandika kitabu kizima juu ya wanawake wa Mashariki, ambao hawakupata kuonana na hata mmoja wao.

Hata hivyo mtu wa nyumbani naye ana jicho moja lililofumba. Anna, pamoja na uwongo wake wote, aliuchukia utumwa bila kigugumizi, na katika sinema wake wa mfalme wanacheza ngoma ya hadithi ya Uncle Tom mbele ya wageni kwa sababu hiyo. Mwanafunzi wake Chulalongkorn alipotawala aliuondoa utumwa wa Siam kidogo kidogo, tangu mwaka wa 1874 mpaka 1905, ingawa si haki kusema kwamba shauri lote lilitoka kwa mwalimu wake. Salme, kinyume chake, aliutetea utumwa wa Waarabu. Alisema kwamba mtumwa wa Unguja hakuteswa kama mtumwa wa Marekani, na kwamba Wazungu walifanya haraka mno kuukomesha. Aliandika hivyo kwa sababu aliwaona watumwa waliokwisha kufika: waliovaa vizuri, waliomlea, waliomwimbia. Hakuiona njia waliyopita.

Njia mojawapo ilipita hapa. Misafara ya pwani ilitoka Mombasa, ikavuka nyika kavu ya Maungu, ikapumzika kwenye maji ya Taita na Bura, kisha ikaingia kivuli cha msitu wa Taveta kabla ya kupanda Uchaga au kwenda Umasaini. Ilikwenda kutafuta pembe, na iliporudi haikurudi na pembe peke yake. Katika miaka ile ile ambayo Salme alikuwa akikiandika kitabu chake, njaa kubwa ambayo Wataita waliiita ya Mwakisenge iliipiga nchi, na wako watoto waliowekwa rehani kwa chakula wasirudi. Wazee wa Taita wana haki ya kukisoma kitabu cha binti wa Sultani, kukisifu, na kukitia mkazo wa kukanusha mahali hapo.

MERIKEBU ZA MWAKA WA 1885

Jambo la mwisho linaunganisha jumba la Unguja na Taveta kwa kamba iliyo wazi kabisa.

Barghash alipata kiti chake katika mwaka wa 1870, baada ya Majid kufariki. Mwaka wa 1885 ulimkuta taabuni. Wajerumani walikuwa wamefanya mapatano na machifu wa bara na kusema kwamba nchi hizo ni zao. Barghash alikataa, naye akampeleka jemadari wake Mwingereza, Lloyd Mathews, na askari, mpaka Kilimanjaro, wapandishe bendera nyekundu ya Sultani. Msafara huo ulipita katika nchi ya Wataita, na machifu wa Taita na wa Uchaga walitia mikono yao kwamba wako chini ya Unguja. Karibu na wakati huo huo Wajerumani nao walikuwa Moshi kwa Mangi Rindi, na Mwingereza Harry Johnston alikuwa amekwisha kufanya mapatano yake Taveta mwaka mmoja kabla. Watu wa Taveta walikuwa na wageni wengi kuliko viti.

Mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba la Barghash na kuelekeza mizinga. Pamoja nazo ilifika merikebu nyingine, na ndani yake alikuwamo Salme na watoto wake. Serikali ya Bismarck ilikuwa imemchukua kwa hesabu yake yenyewe: kama Sultani akimkubali dada yake na kumpa urithi wake, vema, na kama akimdhuru, basi amemdhuru mwanamke wa Kijerumani, na sababu ya kupiga mizinga imepatikana. Salme yeye alitaka kuiona tu Unguja na kusema na ndugu yake, ambaye zamani alimwandikia barua zake za hatari. Alipotembea mjini watu walimfuata kwa makundi wakimsalimu kwa Kiarabu na Kiswahili, na wengine wakapata adhabu kwa salamu hizo. Barghash hakumpokea. Hakumjibu hata neno.

Sultani alipolegea mbele ya mizinga na kuyakubali madai ya Wajerumani, Salme hakuwa na faida tena kwa waliomleta. Alirudishwa mikono mitupu. Katika mwaka uliofuata wakubwa wa Uingereza na Ujerumani waliweka mpaka, kutoka mto Umba mpaka ziwa Jipe, kisha ukazunguka kaskazini ya Kilimanjaro. Taveta ikaangukia upande wa Kenya na Moshi upande wa pili, na bendera nyekundu ya Mathews ikawa kumbukumbu tu. Mtu wa Taveta anayevuka kwenda sokoni Himo huvuka mstari uliotokana na ugomvi ule.

Salme alirudi Unguja mara moja tena, katika mwaka wa 1888, asipate kitu. Baadaye alikaa Beirut mpaka mwaka wa 1914. Anna Leonowens alikufa mwaka uliofuata, 1915, Montreal katika Kanada, bado akisema kwamba alizaliwa Wales. Na mwanawe Louis alikuwa amerudi Siam zamani, akamtumikia Chulalongkorn katika jeshi la farasi, na kuanzisha kampuni ya mbao za msaji iliyobeba lile jina lililobuniwa. Salme alifariki Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari, 1924, akazikwa Hamburg penye kaburi la ukoo wa mumewe. Husimuliwa kwamba katika vitu vyake ulionekana mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, ambao alikuwa ameuhifadhi tangu safari zake, na mchanga huo ukawekwa pamoja naye kaburini.